Kompyuta ya nyumbani imegoma kuwaka? Usikimbilie kununua nyingine

KATIKA nyumba nyingi za Korogwe na Handeni, kompyuta ya mezani ipo pembeni ya sebule, imefunikwa kitambaa. Ilinunuliwa ikiwa imetumika, na ndiyo yenye kazi za shule za watoto, barua za baba na picha za familia. Siku inapogoma kuwaka, wengi hudhani imekufa. Mara nyingi haijafa.

Kabla ya kuipakia kwenye bodaboda kwenda kwa fundi, mzazi unaweza kuikagua mwenyewe.

Ikiwa kimya kabisa
Anza na umeme. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama inachaji. Kisha badilisha waya wa kompyuta. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ndani, na fyuzi ikiungua mashine haipati kitu. Tazama pia swichi ndogo nyuma ya mashine, huenda mtoto aliizima wakati wa kufagia. Ukikuta kiswichi cha kuchagua volti, lazima kiwe kwenye 230. Kikiwa kwenye 115, umeme wetu utaiunguza.

Hayo yote yakiwa sawa, mtuhumiwa ni pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine. Usikifungue hata kidogo: hubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomoa waya. Mwachie fundi akibadilishe kizima.

Feni inazunguka, kioo cheusi
Hakikisha kioo kimewashwa na waya wake umekaza. Kisha chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache, fungua ubavu wa mashine na gusa chuma cha boksi. Puliza vumbi, kwani wakati wa kiangazi vumbi la Handeni huingia kila tundu. Toa ramu, safisha meno yake kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka isikike ikibana. Mashine nyingi zilizogoma huwaka hapo.

Ikiwaka lakini saa na tarehe zimerudi miaka ya nyuma, betri ndogo ya bodi imekwisha. Kwa kawaida ni ya namba CR2032, ileile inayotumika kwenye mizani na rimoti nyingi.

Okoa kazi za mtoto kwanza
Mashine kutowaka si lazima diski iwe imeharibika. Diski inaweza kutolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine. Kwa hiyo mwambie fundi mapema: "Usifute kitu mpaka unihamishie mafaili." Diski ikishafutwa na kuwekewa programu upya, daftari la mtoto wa kidato cha nne huenda lisipatikane tena.

Kuiongezea nguvu
Kompyuta nzee ikiwaka, pesa kidogo iweke kwenye mambo mawili: diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka, na ramu kufikia GB 8. Kasi utaiona siku hiyohiyo. Ukienda dukani Korogwe mjini, beba ramu ya zamani mkononi. DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, na kutoka Handeni ni kilomita kama 65 za kurudi bure.

Jambo jingine: Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa kuandika, kusoma na kuingia mtandaoni, Linux Mint inatosha, tena ni ya bure.

Wakati wa kuiacha
Bodi kuu ikiungua, uliza bei mbili: ya matengenezo, na ya mashine nyingine iliyotumika. Matengenezo yakizidi nusu, yaache. Chukua diski yako, uondoke.

Ikipona, ilinde. Umeme ukikatika, chomoa; ukirudi, subiri utulie ndipo uchomeke. Na siku ya kuifungua, mwite mtoto ashike tochi. Atajifunza kwamba kitu kikigoma, kwanza hukaguliwa. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini ada ya shule nayo inasubiri.