Je, Wajua? Goku, Doudou na Vibanda vya Video vya Umoja

Aliyekulia Umoja, Kayole au Dandora, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hahitaji kuambiwa Bruce Lee ni nani. Lakini filamu, tamthilia na katuni za Uchina na Japani zina mengi ambayo hatukuyajua tulipokuwa tumekodoa macho mbele ya kideo.

Je, wajua kwamba…

…Ranger wa manjano alikuwa mwanamume? Mapigano mengi ya Power Rangers ya mwaka 1993 yalikatwa kutoka mfululizo wa Kijapani, Zyuranger, wa 1992. Wamarekani walipiga picha upya zile sehemu ambazo wahusika hawajavaa kofia. Tazama mavazi: wa waridi ana sketi, wa manjano hana. Kule Japani alikuwa kijana wa kiume. Marekani nafasi yake ikapewa msichana, Trini.

…Goku ana damu ya Kichina? Akira Toriyama alipoanza katuni ya Dragon Ball mwaka 1984, alimchota Goku kwa Sun Wukong, mfalme wa nyani katika riwaya ya Kichina ya karne ya 16, Safari ya Magharibi. Ndiyo maana Goku mdogo ana mkia, fimbo inayorefuka na wingu la kusafiria.

…nyani huyohuyo alihitaji kamera moja tu? Mwongozaji Yang Jie alianza kurekodi tamthilia ya Safari ya Magharibi mwaka 1982. Vipindi 25, karibu vyote vikipigwa kwa kamera moja, vilikamilika 1988.

…Oshin ilikuwa na vipindi 297? NHK ya Japani ilirusha kisa hicho cha binti maskini kwa dakika 15 asubuhi, 1983 hadi 1984. Kilele chake kilifika asilimia 62.9 ya watazamaji.

…mtu mmoja huweza kuwa waigizaji wote? Katika vibanda vya video vya Eastlands, msimulizi DJ Afro ndiye aliyeipa kung fu ulimi wa mtaani. Midomo inasema Kichina. Sauti inayosikika ni yake peke yake, kwa Kiswahili na Sheng: mara mzee mwalimu, mara jambazi, mara stelingi anayetaka kulipiza kisasi. Hatafsiri neno kwa neno; anasimulia, anatania, anamcheka adui kabla hajapigwa. Dar es Salaam ufundi huu ulivuma kupitia msimulizi Lufufu, na Kampala wapo akina VJ Jingo.

…rais wa Uchina aliwahi kuitaja tamthilia iliyotiwa sauti za Kiswahili? Mama mkwe mmoja ni mtihani. Mao Doudou, mhusika mkuu wa tamthilia hiyo ya Kichina, ana wawili, kwani wazazi wa mumewe walitalikiana na baba akaoa tena. Doudou na Mama Wakwe Zake ilitiwa sauti za Kiswahili na kurushwa na TBC ya Tanzania mwaka 2011. Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Redio China Kimataifa, iliyoshughulikia kazi hiyo, imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1961.

Basi anayedai kwamba Kiswahili hakitoshi kwa katuni, afike Umoja akaulize. Watoto wetu bado hutazama katuni nyingi kwa Kiingereza, ilhali sauti za kuwasimulia zimejaa mtaani. Enyi wenye vituo vya runinga, waajirini.