Chuma Kinachopasha Uvimbe Joto

Sehemu ya mwili yenye afya ikipata joto, mishipa hutanuka na damu hulipunguza. Uvimbe wa saratani mara nyingi hushindwa kufanya hivyo, maana mishipa yake imekaa ovyo. Ukifikishwa nyuzi 43 hivi za Selsiasi, protini za seli zake huharibika, na seli hushindwa kukarabati madhara ya tiba ya mionzi. Ugumu ni kuupasha joto uvimbe bila kuunguza nyama iliyo jirani.

Mwaka 1957, R. K. Gilchrist na wenzake huko Chicago walijaribu kutumia chembe za oksaidi ya chuma. Miongo kadhaa baadaye, Andreas Jordan na wenzake mjini Berlin waliliendeleza wazo hilo hadi likamfikia mgonjwa wa saratani ya ubongo. Chembe zao ni ndogo kiasi kwamba zaidi ya 80,000 zingepangika katika milimita moja. Zikiwa zimechanganywa na maji, daktari huzidunga ndani ya uvimbe kupitia tundu dogo la fuvu. Kisha mgonjwa hulala kwenye mashine ambayo uga wake wa sumaku hugeuka huku na huku mara 100,000 kwa sekunde. Chembe zinapofuata mgeuko huo hutoa joto, na kipimajoto chembamba kilichopenyezwa kwenye uvimbe hulipima. Kipindi huchukua saa moja, na tiba ya mionzi huendelea pia.

Masharti si mepesi. Meno yaliyozibwa kwa madini huondolewa vizibo kwanza, visije vikapata moto. Chembe hubaki kichwani, hivyo picha za MRI za eneo hilo huvurugika. Ufuatiliaji hufanywa kwa CT-Scan.

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 59 waliopata tiba hii, ambao saratani ya ubongo aina ya glioblastoma ilikuwa imewarudia. Nusu yao waliishi zaidi ya miezi 13 tangu iliporudi. Kwa ugonjwa mkali namna hii, inatia moyo. Lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha lililopewa mionzi peke yake. Kwa maoni yangu, pengo hilo lazima lizibwe kabla tiba hii haijasifiwa.

Bangili na mikanda ya sumaku inayouzwa mitaani haihusiani kabisa na tiba hii. Ndugu msomaji, ukiwa na mgonjwa nyumbani, asiache mionzi wala dawa za hospitali kwa ajili ya vitu hivyo.