Bomba Linalopanga Pumzi Zamu

Je, wajua kwamba injini ya silinda nne, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hutema pumzi 200 za moshi kila sekunde? Kwenye gari la tabo, pumzi zote hizo hugombea mlango mmoja, na joto lake katika injini ya petroli linaweza kupita nyuzi 900 za Selsiasi. Kifaa kinachozipokea kwenye hedi ya injini na kuzifikisha kwenye tabo ni manifoldi ya ekzosi. Pale mabomba yake manne yanapokutana na kuwa mdomo mmoja ndipo panapoitwa kolekta.

Wengi huiagiza kwa macho. "Fundi, nitengenezee ya stenlesi, ing'ae." Fundi anayeijua kazi hakimbilii kutaja bei. "Injini gani, kaka? Tabo gani? Usukani uko upande gani?" Si kwamba anamzungusha mteja. Anachokwenda kumtengenezea si mng'aro wala kilo za chuma, ni zamu: nani apite, saa ngapi, bila kumkanyaga mwenzake.

Kinu kinachokula moshi

Tabo ni ekseli fupi yenye gurudumu la mapanga kila ncha. Moshi huzungusha gurudumu moja. La pili, kwa kuwa yamefungwa kwenye ekseli moja, hunyonya hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli nayo inaweza kuzidi, na nguvu ikaongezeka bila kuikuza injini. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliliombea hataza wazo hilo mwaka 1905. Magari madogo ya kuuzwa madukani yalisubiri hadi 1962, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder zilipotoka Marekani.

Mapanga ya tabo ya gari dogo huvuka mizunguko 100,000 kwa dakika. Chakula chake ni mambo mawili, mshindo wa moshi na joto lake. Moshi ukipoa njiani husinyaa, ukigongana hupoteza mshindo, na vyote viwili hutokea ndani ya manifoldi.

Mlango haujafungwa, mwingine ameshapiga hodi

Injini nyingi za silinda nne zilizopangwa mstari mmoja huwaka kwa utaratibu wa 1-3-4-2. Kila krenki ikizunguka nusu, silinda moja huanza kutoa moshi. Lakini vali ya kutolea moshi hukaa wazi zaidi ya nusu mzunguko. Kwa hiyo silinda ya 3 inapofungua vali yake, ya 1 bado inamalizia kutoa.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Moshi wa kwanza wa silinda ya 3 hutoka kwa presha kubwa. Kama manifoldi ni fupi, tundu moja lililounganisha milango yote minne, mshindo ule hautazami kwenye tabo peke yake. Hurudi pia kwenye silinda ya 1 kupitia vali iliyo wazi. Moshi mchafu unabaki ndani, hewa safi inakosa nafasi, joto la silinda linapanda na injini inakaribia kugonga.

Dawa yake ni kuwatenganisha. Kila silinda hupewa bomba lake, refu kiasi, na mabomba hukutanishwa kwenye kolekta kwa pembe nyembamba, kama vijito vinavyoingia mtoni vikielekea upande mmoja. Dawa nyingine ni kuwagawa wawili wawili: ya 1 na ya 4 njia moja, ya 2 na ya 3 njia yao. Wenzi hao wameachana kwa mzunguko mzima wa krenki, hivyo hawakutani mlangoni. Ila mgawanyo huo unataka tabo yenye njia mbili ndani yake. Ukiuleta kwenye tabo ya njia moja, umewatenganisha barabarani ukawagonganisha getini.

Kwa nini basi mabomba yasiwe marefu kabisa? Kwa sababu kila sentimita inayoongezwa inakula joto na kuongeza nafasi ya kujazwa moshi kabla tabo haijaamka. Dereva anakanyaga mafuta, gari linafikiri kwanza. Manifoldi nzuri ni mapatano kati ya zamu na haraka.

Chuma kinachorefuka

Stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, ina asili inayofanana na kazi hii. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika kwa gesi ya moto alipopata mchanganyiko wake wenye kromiamu mwaka 1913. Siri iko kwenye kromiamu: ikikutana na oksijeni hufanya utando mwembamba sana, usioonekana, unaoufunika uso wote na kujirudisha wenyewe ukikwaruzwa.

Aina inayotumika sana kwa kazi hii ni namba 304, yenye kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Anayetaka kustahimili joto kali zaidi huagiza 321, iliyotiwa titani. Katika joto la kati ya nyuzi 450 na 850 hivi, kaboni iliyomo ndani ya 304 hunyang'anya kromiamu kwenye mipaka ya chembe za chuma na kuacha njia ya ufa. Titani huiwahi kaboni hiyo kabla haijafika huko.

Kasoro yake ni kurefuka. Bomba la 304 lenye nusu mita, likipandishwa joto kwa nyuzi 800, hurefuka takriban milimita 7. Huku limefungwa kwa bolti kwenye hedi, na upande wa pili limebeba tabo yenye kilo kadhaa. Kila safari hujinyoosha, kila likipoa hujikunja, mpaka chuma kinachoka. Ufa huanzia kwenye mshono, mara nyingi kwenye flanji, bamba la kufungia bolti, au katikati ya kolekta. Dalili yake ni mlio wa tsss ukikanyaga mafuta, na tabo inayochelewa kuvuta. Ndiyo maana fundi makini huweka kishikilio cha kubeba tabo, au kiungo kinachoteleza, ili mabomba yasibebe uzito na kurefuka kwa pamoja.

Ukitaka kumpima fundi, chukua tochi umulike ndani ya mabomba. Stenlesi iliyochomelewa huku ndani yake kumejazwa gesi ya agoni huwa na mshono laini upande wa pili. Iliyochomelewa bila kinga huota ganda jeusi lenye chembechembe, kama sukari iliyoungulia sufuriani. Ganda hilo hukwaza moshi, hudhoofisha mshono, na kipande kikibanduka kinakwenda moja kwa moja kwenye mapanga ya tabo. Kwa nje, mng'aro hauna la kusema: baada ya safari ya kwanza ya kazi, chuma hugeuka rangi ya majani makavu, kisha zambarau na buluu.

Kabla ya kulipa, karatasi ya oda iwe na mambo haya: namba ya injini, aina ya flanji ya tabo, mahali pa vali ya kupunguza presha, aina ya chuma na unene wake, na usukani uko upande gani. Hilo la mwisho huwaumiza wanunuzi wa Afrika Mashariki. Manifoldi iliyochorwa kwa magari ya usukani wa kushoto inaweza kufika Mombasa au Dar es Salaam ikiwa nzuri kabisa, kisha ikagonga mhimili wa usukani wa kulia.

Sauti ya foleni iliyovurugika

Anayetaka kusikia zamu isiyo sawa inavyolia aisikilize Subaru Impreza ya tabo ya miaka ya 1990, ndugu wa gari ambalo dereva Colin McRae alishindia Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997. Silinda zake zimelala, mbili kulia, mbili kushoto, na tabo iko kulia. Moshi wa kulia una njia fupi. Wa kushoto hupita chini ya injini kwanza. Kwa kuwa zinawaka kulia, kulia, kushoto, kushoto, pumzi hufika kwenye tabo kwa kuchechemea: bu-bu… bu-bu… bu-bu.

Mngurumo huo unaogeuza shingo za watu barabarani ni wa mabomba yenye urefu usiolingana. Subaru wenyewe waliyasawazisha kwenye Legacy ya tabo ya mwaka 2003, na mngurumo ukatoweka. Kwa hiyo mwenye Impreza anayeagiza manifoldi mpya huongezewa swali moja, kabla bomba la kwanza halijakatwa: "Kaka, unataka tabo iamke mapema, au unataka majirani wajue umerudi?"