Chuo kikuu kikipanda Ufipa

Kwa miaka mingi mkulima wa Laela au Namanyere ambaye hakuwahi kukanyaga Dar es Salaam alikuwa akitembea na chuo kikuu mfukoni. Noti ya shilingi 500, ile iliyochakaa upesi mpaka sarafu ikaletwa mwaka 2014 kushika nafasi yake, ilichorwa Ukumbi wa Nkrumah wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wahitimu waliovaa majoho. Ndivyo wengi walivyokijua chuo kikuu: jumba la mbali, ambalo mtoto wa Rukwa akibahatika huenda huko na pengine asirudi. Siku hizi mwendo umegeuka. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kina kampasi mkoani Rukwa, na mradi wa elimu ya juu wa HEET, unaotokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza mwaka 2021, umepeleka majengo ya vyuo vya umma katika mikoa ambayo haikuwa nayo. Habari njema, bila shaka. Lakini majengo yakishapakwa rangi linabaki swali ambalo mkandarasi hawezi kulijibu: kampasi iliyoko Ufipa, nchi ya Wafipa huko Rukwa, itafundisha nini ambacho kisingeweza kufundishwa vilevile Mbeya? Kama jibu ni "hakuna", basi kilichojengwa ni madarasa, na madarasa peke yake hayafanyi chuo kikuu.

Mlimani penyewe ni ushahidi. Chuo kile hakikuanzia mlimani. Kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wasiofika 20, wote wa sheria. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka uliofuata kikahamia kilimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo majengo yalikuwapo mapema, na mitihani pia, tena ya hadhi ya London. Kilichokuwa bado ni maswali. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, akapunguza na mshahara wake mwenyewe. Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, ukaitishwa mkutano wa kujadili chuo kikuu kina kazi gani katika nchi ya kijamaa. Mtu anaweza kubishana na majibu waliyoyapata, na wengi wamebishana. Ila jina la Mlimani lilivuma duniani kwa sababu ya kazi za miaka hiyo: idara ya historia iliyokusanya masimulizi ya wazee na kutoa mwaka 1969 kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Kimambo na Temu, na Walter Rodney aliyeandika akiwa pale kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Vitabu hivyo vilianza na swali la hapa, kikiwamo kile kinachozungumzia bara zima.

MUST nayo ina safari yake. Ilianza mwaka 1986 ikiwa chuo cha ufundi, mwaka 2005 ikawa taasisi ya sayansi na teknolojia, mwaka 2012 ikapanda kuwa chuo kikuu. Ni chuo cha watu wa spana na mahesabu, na hilo ndilo linalofanya kufika kwake Rukwa kuwe na maana kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa Ufipa ni nchi ya mafundi. Watanzania wengi wakisikia Sumbawanga hucheka na kutaja uchawi. Jina lenyewe hufasiriwa "tupa uchawi" kwa Kifipa, na utani haujaisha tangu hapo. Wachache hutaja chuma.

Lungu, tanuri la Kifipa la kuyeyushia mawe ya chuma, lilikuwa mnara wa udongo wenye kimo kilichokaribia mita tatu, mpana chini na mwembamba juu. Wajenzi walipenda kulisimamisha karibu na kichuguu kwa sababu udongo wa mchwa ndio uliofinyangika na kuvumilia moto. Kuzunguka kitako chake waliacha matundu, wakaingiza mirija ya udongo, wakapanga ndani makaa, kuni na mawe ya chuma, wakawasha. Hakukuwa na mivukuto. Moto ulivuta hewa wenyewe: moshi wa moto ukipanda juu ya mnara, hewa baridi ilinyonywa chini kupitia mirijani, na kazi ikaenda siku kadhaa. Chuma kilichotoka bado kilikuwa kimechanganyika na mavi ya chuma, ndipo kikapelekwa katika tanuri la pili, dogo lisilofika kiunoni, ambalo sasa lilitumia mivukuto, kukisafisha kabla ya mhunzi kufua jembe. Tanuri kubwa lilitunzwa kama bibi harusi, likipambwa na kupewa dawa, na wafua chuma walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Msomaji wa leo anaweza kuona ushirikina hapo. Mimi naona pia nidhamu ya kazi: watu waliokuwa na hatari ya kupoteza makaa ya msitu mzima kwa kosa moja walijiwekea miiko ya kuwaweka macho. Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyechimba na kupima maeneo hayo huko Nkasi miaka ya 1990, alionyesha kwamba hata hilo lungu halikuwa peke yake. Kulikuwa na matanuri mafupi yaitwayo katukutu, ya ufundi mwingine kabisa.

Na si chuma tu. Wafipa, na majirani zao Wamambwe wanaouita utaratibu huo fundikila, walikuwa wakikata nyasi na kuzifukia ndani ya vilima vya udongo, wakaziacha zioze, kisha wakavitawanya na kupanda ulezi. Mboji bila ng'ombe, katika ardhi isiyo na miti mingi ya kuchoma. Leo Rukwa ni mmoja wa mikoa inayoilisha nchi mahindi, na mjadala wa mbolea ya dukani huko hauna mwisho.

Wapo watakaosema sayansi ni moja, na fizikia ya Dar es Salaam ndiyo ya Sumbawanga. Ni kweli, kanuni ni moja. Ila mwulize mpishi yeyote wa Sumbawanga maharage huchukua muda gani jikoni. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa imepungua kwa takribani sehemu moja ya tano kulinganisha na Dar es Salaam, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Maharage yaleyale hula kuni nyingi zaidi. Hewa hiyohiyo nyepesi ndiyo lungu lililazimika kuivuta. Je, kimo kile cha mnara kilipatikana kwa kujaribu na kushindwa mpaka moto ukatosha katika hewa ya Ufipa? Hilo ni swali la mwanafunzi wa uhandisi mitambo, na kipimo chake kiko shambani. Kanuni ni moja. Pa kuijaribia ndipo panapotofautiana.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo hutoka kwa wazazi. Mtoto aliyeuziwa mahindi ili asome anatakiwa apate kazi, na hakuna mwajiri anayetafuta fundi wa malungu. Sawa. Hakuna anayependekeza shahada ya malungu. Lakini kazi nyingi za uhandisi zilizopo Rukwa zinafanana na kazi ya lungu kuliko zinavyofanana na mitambo ya kiwanda cha Ulaya: kukausha mahindi kabla sumukuvu haijaingia, kujenga kihenge kisichopitisha dumuzi, jiko la kula kuni chache, tofali linalostahimili mvua. Zote ni hesabu za joto, hewa na udongo. Mhitimu aliyejifunza hesabu hizo kwa vitu anavyoviona atakuwa na la kuuza Matai na Namanyere, na hatazuiwa kuliuza Dar es Salaam.

Linabaki suala la uwezo: kampasi changa haina maprofesa wengi wala maabara kubwa. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kimewasomesha watu wa mikoani, Rukwa ikiwamo, kupitia vituo vya mikoa bila kungoja majumba makubwa, kwa hiyo udogo haujawahi kuwa sababu ya kutoanza. Kupima lungu kunataka utepe, kipimajoto, mzani na wanafunzi wanne wenye subira. Kutengeneza la mfano na kuliwasha kunataka kichuguu na magunia ya makaa. Yaliyosimama bado yanaonekana hapa na pale kwenye mashamba na vichaka vya Ufipa. Ni ya udongo, hayana paa, na kila masika hula kidogo ukingo wake wa juu.