Presha haipandi kwa sababu ya umri peke yake

Mtu wa miaka 48 akitoka zahanati na kipimo cha 150 kwa 95, neno la kwanza atakalolisikia kwa jirani huwa ni lile lile: umri huo, ndugu yangu, zoea tu. Ni maneno ya kufariji, yanasemwa kwa nia njema, na yameshawazika watu wengi mapema. Ushahidi kwamba umri hautoshi kueleza presha ulipatikana karibu na sisi, mashariki ya Ziwa Victoria, miaka mingi iliyopita.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza C. P. Donnison, aliyekuwa akitibu watu Kavirondo Kusini nchini Kenya, alichapisha katika jarida la The Lancet vipimo vya presha vya watu wapatao 1,000. Ulaya alikotoka, presha ilijulikana kupanda kadiri mtu anavyozeeka. Kule hakuiona ikipanda. Hadi kwenye miaka 40 vipimo vilifanana na vya Wazungu. Kuanzia hapo vikaelekea kushuka. Na katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake kwa miaka miwili, hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu. Tusiigeuze habari hiyo kuwa hadithi ya enzi njema. Watu wale walikuwa na malaria, minyoo na njaa, mambo ambayo nayo yanaweza kushusha presha, na umri wa wengi ulikuwa wa kukisia. Hata hivyo, swali alilotuachia ni zito: kama presha ni uzee, wazee wale waliikwepaje?

Jibu lilianza kuonekana miaka ya 1980. Watafiti, akiwemo Neil Poulter wa Uingereza, waliwafuatilia vijana wa Kiluo waliotoka vijijini magharibi ya Kenya kwenda kutafuta maisha Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Miezi michache tu baada ya kufika mjini, presha za wahamiaji zilikuwa zimeanza kupanda. Mkojo wao ulieleza sababu mojawapo: sodiamu, ambayo ndiyo kiini cha chumvi, ilikuwa imeongezeka ikilinganishwa na potasiamu, madini tunayoyapata kwenye viazi, kunde, mboga na matunda. Uzito nao ulikuwa juu, mapigo ya moyo yakienda kasi zaidi. Ukoo ulikuwa ule ule na umri ule ule. Kilichobadilika ni sahani na mwenendo wa siku.

Leo mtu hahitaji tena kuhama ili ayapate mabadiliko hayo, maana yamemfuata kijijini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulipima watu wa Ilala, Dar es Salaam, na wa kijiji cha Shari wilayani Hai. Kote kuwili takriban watu wazima 3 katika kila 10 walikuwa na presha ya 140 kwa 90 au zaidi. Wenye presha waliokuwa wanajua kwamba wanayo hawakufika hata mmoja katika watano. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 26 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu.

Isikizya imekaa katikati ya hali hizo mbili, ya mji na ya kijiji. Ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Uyui, kwenye barabara ya Tabora kwenda Nzega, kwa hiyo yupo mtumishi anayekaa mezani tangu asubuhi hadi jioni, na yupo mkulima wa tumbaku, mahindi na karanga ambaye jembe halimtoki mkononi wakati wa masika. Wote wawili wanaweza kukutwa na presha, na wote wawili wanaweza kuishusha. Ila hawataanzia mahali pamoja.

Kwanza chumvi, na hapa historia ya Unyamwezi ina la kutufundisha. Chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa kutoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na Mto Malagarasi, ilikuwa bidhaa ya thamani kwa karne nyingi kabla ya misafara ya pwani kufika Tabora. Ilibebwa mabegani, ikabadilishwa kwa vyakula, majembe na mifugo, na watawala wa Kivinza waliitoza ushuru. Kitu kilichobebwa kwa mguu siku nyingi hakimwagwi ovyo kwenye sufuria. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mizigo ikaacha kupanda mabega ya watu. Sasa pakiti ya chumvi ni miongoni mwa vitu rahisi kuliko vyote dukani, na hakuna anayekumbuka kuipima.

Mwilini, kazi ya kuondoa chumvi iliyozidi ni ya figo. Zikizidiwa, sodiamu inabaki kwenye damu na kuvuta maji, damu inaongezeka ujazo, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Kuta za mishipa zinazopokea msukumo huo mwaka hadi mwaka hunenepa na kukakamaa. Na hapo ndipo umri unapoingia kweli: baada ya miaka 40 mishipa inapoteza ulaini, figo zinapunguza kasi, na kwa wanawake kukoma kwa hedhi kunaongeza mzigo. Sahani ambayo haikumfanya lolote kijana wa miaka 25 inaacha alama kwa mtu wa miaka 50. Ndiyo maana umri wa kati ni wakati mzuri wa kubadilika: mishipa bado inasikia.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikihesabiwa na ile iliyomo kwenye mkate na dagaa. Wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Kijiko hicho ni kigumu kukifuatilia jikoni, kwa sababu chumvi hutiwa kwa vidole na mpishi hubadilika. Njia nyepesi ni kuchukua kalamu na kuandika tarehe kwenye pakiti siku inapofunguliwa. Watu wazima 6 kwa gramu 5 kila mmoja ni gramu 30 kwa siku, hivyo pakiti ya nusu kilo haina budi kuwafikisha siku 16 kwa uchache. Ikiisha baada ya siku 9, nyumba hiyo inakula karibu maradufu, na hakuna haja ya maabara kuligundua hilo. Watoto wahesabiwe pungufu. Chumvi yenyewe iendelee kuwa ile yenye madini joto, maana tezi la shingo bado lipo. Kinachopungua ni kiasi.

Kuna sodiamu nyingine ambayo haiitwi chumvi, na naona inasahaulika mno katika elimu ya presha mkoani kwetu. Ni magadi. Mlenda unaoteleza vizuri, maharage yaliyoiva upesi, kisamvu kilicholainika: vingi vimepitia magadi, na magadi ni sodiamu. Mama anaweza kupunguza chumvi kwa moyo wote na bado presha isishuke, kwa sababu kijiko cha magadi kiko pale pale kila jioni. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva upesi bila magadi. Mlenda unateleza wenyewe, tuuachie kazi yake. Viungo vya mchuzi vya pakiti na vya vidonge navyo vina chumvi nyingi, kwa hiyo mwenye kuvitia asitie chumvi juu yake. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi waoshwe na kulowekwa, maji ya kwanza yamwagwe. Na kwa mtumishi anayeanza siku na supu na chapati, mezani kuna limau na pilipili karibu na kikopo cha chumvi. Hivyo viwili vinaamsha ulimi vya kutosha. Ulimi wenyewe huchukua wiki kadhaa kuzoea, kisha huona chakula cha zamani kina chumvi kali.

Upande wa potasiamu tuna utajiri, na tunauchukulia kuwa chakula cha shida. Mwaka 1997 madaktari wa Marekani walichapisha jaribio la mlo uliojulikana kama DASH, lililowahusisha watu 459: matunda na mboga kwa wingi, kunde, karanga, nafaka zisizokobolewa, maziwa yasiyo na mafuta mengi, nyama kidogo. Kwa waliokuwa na presha ya juu, namba ya juu ilishuka kwa pointi 11 na ya chini kwa 5, na mabadiliko yalionekana ndani ya wiki mbili. Chumvi na uzito havikupunguzwa; kilichobadilishwa ni vyakula tu. Sasa tazama shamba la Uyui: viazi vitamu, michembe na matobolwa (viazi vilivyokaushwa) ya akiba, majani ya kunde, matembele, choroko, karanga, uyoga wa miombo wakati wa mvua, maembe na mapapai. Sahani ya DASH ikiandikwa kwa lugha ya hapa, ni dona, maharage, matembele yasiyochemshwa hadi kufa na embe moja baadaye, na kwa kitafunwa karanga zilizokaangwa bila chumvi. Mwenye ugonjwa wa figo anapaswa kumwona daktari kwanza, kwa sababu potasiamu ikizidi kwake inaweza kuvuruga moyo.

Kama bado kuna anayedhani hayo ni mambo madogo, vijiji 600 vya kaskazini mwa China vilishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2021. Karibu watu 21,000 walifuatiliwa kwa takriban miaka mitano. Nusu ya vijiji ilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu badala ya sodiamu. Viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Walipika kama siku zote na hawakubadilisha kingine.

Kuhusu mazoezi, mkulima huuliza kwa haki: nilime ekari tatu halafu nikimbie? Hapana. Lakini jembe ni kazi ya msimu. Kuanzia mavuno hadi mvua za Novemba, mwili uliokuwa ukitoka jasho kila siku hukaa kivulini, baiskeli ikapumzika na bodaboda ikachukua zamu. Miezi hiyo ndiyo ya kutembea haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, mwendo wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Mtumishi wa ofisini anahitaji hivyo mwaka mzima. Kwa mwenye uzito uliozidi, kila kilo inayopungua hushusha presha kwa takriban pointi moja, kwa hiyo kilo tano si haba.

Tumbaku ndiyo inayosomesha watoto wa kaya nyingi hapa, na sitaki kulipuuza jasho hilo. Kuilima na kuivuta ni mambo mawili. Kila sigara hupandisha presha kwa muda na kuharibu kuta za mishipa, na mwenye presha anayevuta anaukaribisha mshtuko wa moyo na kiharusi kwa pamoja. Ugoro nao una nikotini ile ile. Hata anayevuna majani mabichi yenye umande huinyonya kupitia ngozi, ndiyo maana wengine hutapika na kuhisi kizunguzungu jioni ya mavuno; glavu na mikono mirefu ni kinga ya kweli. Pombe, iwe ya kienyeji au ya chupa, hupandisha presha kadiri inavyozidi, na mnywaji anayepunguza nusu huiona ikishuka.

Wengi huuliza habari za chai ya rozela. Jaribio dogo la Marekani la mwaka 2010, la watu 65, lilikuta vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita vikishusha namba ya juu kwa pointi 7 hivi. Ni kinywaji kizuri, mradi kisijazwe sukari, lakini hakichukui nafasi ya kidonge cha aliyekwisha kuandikiwa.

Kuna dawa nyingine za kuangaliwa. Mgongo wa mkulima na magoti ya mama wa miaka 50 huuma, na daiklofenaki au ibuprofeni hupatikana kila duka la dawa. Dawa hizo zikitumiwa mfululizo huzuia figo kutoa chumvi, presha inapanda, na hata dawa za presha zinapungua nguvu. Mtajie mtoa huduma dawa za maumivu unazomeza, pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango, maana baadhi yake navyo hupandisha presha.

Kipimo nacho kinaweza kudanganya. Aliyetoka kuendesha baiskeli kilomita kumi, akakalishwa na kufungwa mkanda papo hapo, atapata namba kubwa isiyo yake. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kitupu, bila sigara wala kahawa nusu saa kabla. Kipimo kirudiwe, na siku nyingine tena, kabla ya mtu kuitwa mgonjwa wa presha.

Atakayeandikiwa dawa azimeze kila siku, hata akijisikia mzima, kwa sababu presha ya juu kwa kawaida haiumi. Mlo na mwendo vinaweza kumfanya daktari apunguze dozi baadaye. Uamuzi huo ni wa daktari, baada ya vipimo. Pointi 5 tu za namba ya juu, zikishushwa kwa dawa, hupunguza mishtuko ya moyo, viharusi na moyo kushindwa kwa takriban asilimia 10. Hayo yalithibitishwa mwaka 2021 kwa kuunganisha majaribio 48. Na ikifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, macho kuona ukungu, kuishiwa pumzi, mdomo kupinda au mkono mmoja kukosa nguvu, usisubiri kuche: safari ya hospitali ianze saa hiyo hiyo.