Lenzi ya Babu Iliuona Mlima, Ikamkosa Bibi

Bibi yangu wa Mkuu, Rombo, si mtu wa maneno mengi. Likizo iliyopita nilipofika nyumbani, baada ya shikamoo na marahaba, aliniambia: "Mjukuu wangu, nataka picha. Ile mtakayoiweka mbele siku yangu ikifika. Sitaki ile ya kitambulisho. Pale nimekaa kama nimeshtakiwa."

Nikatoa simu. Akanitazama tu. "Hizo mnapiga mnafuta. Babu yako alikuwa na mashine."

Mashine yenyewe ilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Babu alikwenda Moscow mwaka 1970 kusoma kilimo kwenye kile chuo kilichofunguliwa 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. Vijana wengi wa Afrika walisoma pale, Watanzania wakiwemo. Aliporudi alileta cheti, koti zito ambalo hakulivaa tena, na kamera aina ya Zorki-4 yenye lenzi ya Jupiter-8. Kwa miaka mingi alipiga picha za harusi, kipaimara na mazishi ya kijiji kizima. Bibi mwenyewe, kama ilivyo kwa wake wa mafundi, hakuwahi kupata picha nzuri ya uso.

Kamera imekufa. Pazia la shata, ambalo ni la kitambaa, limeoza na kutoboka. Lakini lenzi nilipoielekeza dirishani ilikuwa safi. Hapo ndipo nilipoanza safari ambayo nataka kuwaelezea, wanachuo wenzangu, kwa sababu nilikosea kwanza, halafu nikaelewa nilikosea wapi. Mimi nasoma ualimu wa fizikia na hisabati. Kwa hiyo kukosea kwenye lenzi ni aibu maradufu.

Lenzi yenyewe ni nini?

Jupiter-8 ni lenzi ya milimita 50, tundu lake kubwa kabisa ni f/2. Ina vioo sita vilivyopangwa katika makundi matatu. Mpangilio huo haukubuniwa na Warusi. Ni wa Sonnar, lenzi iliyobuniwa na Ludwig Bertele katika kampuni ya Zeiss ya Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1930. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wasovieti walichukua mitambo na michoro ya Zeiss kutoka Jena kama fidia ya vita, wakaanza kutengeneza lenzi hizo kwao wakazipa jina la Jupiter. Ziko ndugu kadhaa: Jupiter-3 ya mm 50 yenye tundu la f/1.5, Jupiter-9 ya mm 85, na Jupiter-12 ya mm 35.

Ukitaka kujua umri wa lenzi ya Kisovieti, angalia namba yake. Mara nyingi tarakimu mbili za mwanzo ndizo mwaka. Ya Babu inaanza na 71.

Kamera nayo ina historia ambayo sisi wa ualimu tunapaswa kuijua. Zorki ilianza 1948 kama nakala ya kamera iitwayo FED. FED ilianza kutengenezwa 1934 kule Kharkiv, Ukraina, ikiiga Leica ya Ujerumani, na waliokuwa wakiitengeneza ni watoto: yatima na watoto wa mitaani waliolelewa katika jumuiya iliyoongozwa na Anton Makarenko. Ndiyo, yule Makarenko wa kwenye somo la falsafa ya elimu. Watoto walisoma nusu ya siku na kufanya kazi kiwandani nusu nyingine. Ukisoma Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya 1967 utaona wazo linalokaribiana. Ila tusipambe sana: herufi FED zinatokana na jina la Felix Edmundovich Dzerzhinsky, muasisi wa polisi wa siri wa Kisovieti.

Kuifunga kwenye kamera mpya

Nyuma ya lenzi ya Babu kuna hesi ya milimita 39. Hesi hiyo ni ya mtindo wa Leica za zamani, na ndiyo habari njema, maana zipo kamera za filamu za miaka yetu zinazoipokea. Voigtländer Bessa R ya mwaka 2000 inaipokea moja kwa moja, unakaza tu kama kifuniko cha chupa. Kwa Leica za aina ya M, ikiwemo M6 iliyorudishwa sokoni 2022, unahitaji pete ya kuunganishia yenye unene wa milimita 1 kamili.

Mwanafunzi wa bumu hanunui Leica. Kaka mmoja mwenye studio mjini Moshi ana Bessa R aliyoipata kwa mtalii, akaniazima wiki mbili na mkanda mmoja wa nyeusi na nyeupe, picha 36. Nikapanda Noah hadi Mkuu. Asubuhi Bibi akavaa kitenge na kilemba, akakaa kwenye kiti barazani, nyuma yake migomba. Nikafungua tundu hadi f/2 ili migomba ififie uso ubaki, nikasogea hadi mita moja, ambayo ndiyo mwisho wa ukaribu wa lenzi hii. Nikalenga jicho, nikabonyeza. Nikapiga nyingi. Ukungu ulipopanda nikageuka nikapiga na kilele cha Mawenzi.

Kaka alisafisha mkanda mwenyewe. Mawenzi imetoka kali, kila jabali linaonekana. Bibi je? Pindo la kilemba pembeni ya sikio linahesabika nyuzi. Macho yake yameyeyuka. Picha zote za karibu ziko hivyohivyo.

Nilidhani mikono ilitetemeka. Lakini mikono ikitetemeka kilemba nacho kingetetemeka.

Sentimita 3

Hapa naomba utulie kidogo. Katika kamera ya aina hii huangalii kupitia lenzi. Unaangalia kwenye kidirisha cha pembeni, unaona taswira mbili za kitu kimoja. Unazungusha lenzi mpaka taswira hizo zilaliane na kuwa moja, basi umefokasi. Kamera inajuaje? Ndani yake kuna kigurudumu kidogo kinachogusa mgongo wa lenzi. Lenzi ikisogea mbele au nyuma, kigurudumu kinasogea nayo na kuhamisha ile taswira ya pili. Maana yake, kamera haioni picha. Inaamini tu umbali ambao lenzi imesogea. Kama lenzi na kamera hazikubaliani vipimo, kidirisha kitakuambia sawa, na utajua uongo siku mkanda ukisafishwa.

Na kweli hazikubaliani. Leica waliweka kipimo kwamba lenzi iitwayo ya mm 50 kiuhalisia ni mm 51.6. Zeiss kwenye kamera zao walitumia takriban mm 52.4. Wasovieti walipochukua lenzi ya Zeiss walirithi na hesabu yake. Bessa inafuata kipimo cha Leica.

Sasa toa ile fomula tuliyoikariri sekondari: 1/f = 1/u + 1/v. Kitu kikiwa mbali kama Mawenzi, lenzi zote mbili zinakaa sehemu yake ya mwanzo, hakuna ugomvi. Ndiyo maana mlima ulitoka vizuri. Kitu kikiwa mita 1, lenzi ya 51.6 inatakiwa isogee mbele kama mm 2.8. Ya 52.4 inatakiwa isogee kama mm 2.9. Tofauti haifiki unene wa karatasi ya notisi. Lakini kwa kuwa lenzi ya Babu imesimamishwa mapema kwa unene huo wa karatasi, fokasi yake inaangukia nyuma ya nilipolenga kwa karibu sentimita 3.

Kwenye f/2 na mita 1, eneo linaloonekana kali ni kama sentimita 2 mbele na 2 nyuma. Kosa la 3 liko nje ya eneo hilo. Ukirudi hadi mita 2, kosa linakuwa kama sentimita 6, lakini eneo kali linakuwa kama 9 kila upande, kwa hiyo kosa linamezwa. Ndiyo maana watu wengi wanatumia Jupiter miaka na miaka bila kuona tatizo: hawajampiga mtu kwa karibu na tundu wazi.

Fomula hii niliifanyia mtihani nikapata alama zote. Sikuwahi kuuliza ina kazi gani kwa bibi yangu. Nilipokaa na kalamu na picha zilizoharibika ndipo niliielewa, na ndivyo ninavyotaka kuifundisha nikienda mazoezi ya kufundisha.

Ufanyeje?

Njia ya kwanza ni kubana tundu. Kwenye f/4 eneo kali linafika zaidi ya sentimita 4 kila upande, kwenye f/5.6 linafika 6. Kosa linafichika. Ila mwanga lazima uwepo.

Njia ya pili ni ya mwili. Lenga jicho kama kawaida, kisha bila kugusa lenzi rudi nyuma sentimita 3, upana wa vidole viwili, ndipo ubonyeze. Fokasi iliyokuwa inaangukia nyuma inakuja juu ya jicho.

Njia ya tatu ni ya fundi: kuongeza pete nyembamba ndani ya lenzi ili ikae mbele kidogo. Picha za karibu zitapona, lakini mlima sasa utaathirika ukipiga na tundu wazi. Unachagua unachokipenda zaidi.

Nyongeza kwa atakayekuta lenzi kama hii kwao. Angalia ukungu, na simaanishi ule wa mlimani, ingawa wa mlimani ndio unaoleta huu wa kwenye vioo. Huonekana kama utando wa buibui. Hifadhi lenzi kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ikizunguka kwa shida, grisi ya zamani imeganda. Mpelekee fundi, usilazimishe. Jupiter-12 ina kioo kinachojitokeza sana nyuma, kwa hiyo kabla ya kukaza hakikisha ndani ya kamera kuna nafasi. Kama kamera yako ina shata ya kitambaa, usiiache ikitazama jua: hakuna kioo cha kulizuia, na lenzi italitoboa pazia kama tulivyochoma karatasi utotoni. Mwisho, Jupiter haipendi mwanga wa mbele. Jua likiingia, picha inapauka. Weka kivuli cha mkono.

Nilirudi Mkuu mwisho wa mwezi na mkanda wa pili, huo niliununua kwa hela yangu ya chakula. Safari hii nilimtoa Bibi barazani nikamweka uani penye mwanga. Nikabana hadi f/4, nikalenga jicho, nikarudi nyuma vidole viwili. Bibi akauliza kwa nini natikisika kama mlevi wa mbege. Akacheka, nami nikabonyeza.

Nimemletea picha hiyo imechapwa kubwa. Macho yapo. Aliishika muda mrefu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi, kama Babu alivyozoea kuandika tarehe. Hakukuwa na kitu, akanituma kalamu nikaandika. Kisha akaifunga ndani ya kanga na kuiweka kwenye lile sanduku la bati.

"Nzuri," alisema. "Sasa mtasubiri sana kuitumia."