Usiache Mbachao: Fikiri Kabla ya Kung'oa Sakafu

Msomaji mpenzi, hebu tazama chini. Unakanyaga nini? Wengi wetu tunaoishi mjini tunajua rangi ya kuta zetu na bei ya viti vyetu, lakini tukiulizwa sakafu imetengenezwa kwa kitu gani, tunakuna kichwa. Na hali hakuna sehemu ya nyumba inayofanya kazi kama sakafu. Hapo ndipo mtoto hutambaa, chai humwagika, meza huburutwa, na nyanya huteleza akavunjika nyonga.

Siku hizi homa ya kurekebisha nyumba imeenea Nairobi, tangu vyumba vya ghorofani katikati ya jiji hadi Westlands, Kileleshwa, Kilimani, Lavington, Kangemi na Kawangware. Katika marekebisho hayo, kitu cha kwanza kuhukumiwa kifo ni sakafu ya zamani. Fundi huingia, huitazama, hutikisa kichwa na kusema ing'olewe. Mwenye nyumba naye, kwa kuwa jirani yake ameweka vigae vinavyomeremeta, hukubali bila kuuliza swali hata moja.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, na msala ni ule mkeka mzuri wa kusalia. Sijui kama kuna methali inayofaa zaidi kwa mtu anayetaka kubadilisha sakafu. Kabla hujaita lori la kuzoa kifusi, soma kwanza mambo haya.

MTI WA JAMAA YA ALIZETI

Nyumba nyingi zilizojengwa katika mitaa ya magharibi miaka ya 1950 na 1960 ziliwekwa sakafu ya vipande vidogo vya mbao, vilivyopangwa kama ukili na kubandikwa juu ya zege kwa lami. Baadhi ya vipande hivyo ni mvule. Lakini vingi ni vya mti uitwao muhugu, ambao wengine huuita muhuhu.

Muhugu ni mti wa ajabu. Wataalamu wa mimea huuweka katika jamaa moja na alizeti, lakini badala ya kuwa laini kama bua la alizeti, mbao zake ni nzito na ngumu mno. Hazichakai upesi kwa kukanyagwa, mchwa huzishindwa, na ukizisugua hutoa harufu nzuri inayokaribia ile ya msandali. Kwa sababu hiyo sakafu za muhugu wa Kenya zilipelekwa hata ng'ambo.

Sasa sikiliza ubaya wake: mti huu hukua polepole sana. Ulikatwa kwa ajili ya sakafu, nguzo za ua, makaa na vinyago wanavyonunua watalii. Katika miaka ya 1990 wachongaji walianza kuhimizwa kutumia mwarobaini na mijakaranda badala yake, kwani muhugu ulikuwa umeadimika. Leo ukitaka kuuona ukiwa hai bila kusafiri mbali, nenda msitu wa Karura, ambako muhugu na mukinduri ndiyo miti ya asili inayojulikana zaidi. Huu ndio msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa tarehe 8 Januari 1999 walipokwenda kupanda miti kupinga ardhi yake isigawiwe wajenzi.

Kwa hivyo anayeng'oa sakafu ya muhugu na kuichoma anatupa kitu ambacho hawezi kukinunua tena dukani kwa urahisi, hata awe na pesa.

CHUNGUZA KABLA YA KUHUKUMU

Je, utajuaje kama sakafu yako inafaa kuokolewa? Usiangalie rangi. Vanishi iliyozeeka na nta ya miaka 40 huweza kuifanya mbao ya thamani ionekane kama ubao wa gati.

Chagua mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya kabati la ukutani, usugue kwa msasa eneo la kiganja kimoja. Ukiona mbao ya hudhurungi inayoelekea manjano, yenye nyuzi laini, na ukanusa harufu tamu, shukuru.

Kisha chukua sarafu, upite ukigonga kipande kimoja kimoja. Kilichoshika hutoa sauti kavu. Kilichobanduka husikika kitupu. Vipande vichache vikiwa vimebanduka, vinaweza kugandishwa upya. Vikiwa vimevimba na kuinuka, basi kuna maji yanayoingia: labda bomba linavuja, au ukuta wa bafu unapitisha unyevu. Tafuta chanzo kwanza. Ukiweka sakafu mpya juu ya maji hayo, itaharibika vivyo hivyo.

Tahadhari moja: katika baadhi ya majengo ya zamani utakuta vigae vidogo vya plastiki vya inchi 9 kwa inchi 9. Kote duniani, vingi vya aina hiyo vilichanganywa na asbesto, na mara nyingine hata gundi nyeusi iliyo chini yake. Usivipige msasa wala kuvivunja, kwa maana vumbi lake huharibu mapafu. Kama vimetulia, viache vilivyo au uvifunike. Kama lazima viondolewe, ni kazi ya wanaojua kushughulikia taka hatari.

KUSUGUA NI NUSU YA SAFARI

Sakafu nzima ya mbao husuguliwa kwa mashine, kwanza kwa msasa mkali, halafu wa kadiri, na mwisho ule laini. Usuguaji mmoja huondoa kama milimita moja hivi, na vipande vya zamani huwa na unene wa karibu sentimita 2. Maana yake ni kwamba sakafu hiyo inaweza kufanywa mpya mara kadhaa, na wajukuu wako wakaikuta.

Baada ya kusugua, hupakwa vanishi mara tatu, kila safu ikiachwa ikauke kabisa. Hapa ndipo mafundi wenye haraka huharibu kazi. Wakati wa mvua za masika au katika baridi ya Julai, vanishi hukawia kukauka. Haraka haraka haina baraka. Fungua madirisha, uipeleke familia kwa jamaa kwa siku chache, na watoto wasikaribie vumbi.

SI MKEKA, SI MBAO

Katika miaka ya karibuni jina moja limetawala Nairobi: mkeka wa mbao. Jina hili ni la kuchekesha, kwa sababu kitu chenyewe si mkeka na si mbao. Ni plastiki ya vinili iliyochapwa picha ya mbao na kufunikwa kwa safu ngumu inayong'aa.

Usiidharau. Hutandikwa kwa siku moja, husafishwa kwa kitambaa kilicholoa, na haina baridi kama vigae. Kwa mwanafunzi aliyepanga chumba kimoja Kangemi au Kawangware, ni neema: ataikunja na kuondoka nayo atakapohama. Mpangaji hana sababu ya kugharimia vigae ambavyo mwenye nyumba atarithi bure. Lakini zungumza na mwenye nyumba kabla ya kuigandisha kwa gundi, na makubaliano yaandikwe.

Ubaya wake ni huu. Kwa vile ni nyembamba, huonyesha kila kibonde na kila changarawe iliyo chini. Miguu ya kabati zito huitoboa. Jua la dirisha kubwa huififisha. Zaidi ya yote, haipitishi hewa: ukiitandika juu ya mbao zenye unyevu, zitaoza chini kwa chini bila wewe kujua. Inasikitisha kuona nyumba ambamo picha ya mbao imetandikwa juu ya muhugu wa kweli.

VIGAE NA HATARI YA KUTELEZA

Jikoni na bafuni, vigae havina mshindani. Hata hivyo, si vigae vyote ni sawa. Vya seramiki ya kawaida hunywa maji kidogo, na huweza kushikwa na saruji. Vya porselini ni vigumu zaidi na hunywa chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Kwa sababu havinywi, saruji tupu haivishiki vizuri, na vinahitaji gundi maalumu ya vigae. Fundi akikuambia atavibandika kwa saruji pekee ili kukupunguzia gharama, jua kwamba baada ya muda utaanza kusikia sauti ya debe tupu ukitembea.

Usichague kigae kwa kukitazama dukani kikiwa kikavu chini ya taa. Kitoe nje kwenye mwanga wa jua, ukimwagie maji, ukanyage. Kikiteleza hapo, kitateleza zaidi bafuni kukiwa na sabuni. Nyumba yenye mzee au mtoto mdogo isiwekwe vigae vya kung'aa mahali penye maji, hata kama ndivyo vilivyo kwa jirani.

Kumbuka pia baridi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mitaa ya magharibi imeinuka zaidi. Mwezi wa Julai kigae hunyonya joto la unyayo upesi kuliko mbao. Ndiyo sababu vyumba vya kulala vinafaa mbao au zulia.

NYEKUNDU NA TERAZO

Usisahau sakafu za babu zetu wa mjini. Ile ya saruji nyekundu, iliyopigwa nta kila Jumamosi hadi mtu akajiona uso, bado ni rahisi na ya kudumu. Inachohitaji ni kuzibwa nyufa na kupakwa nta upya.

Terazo nayo, ambayo ni vipande vya mawe vilivyochanganywa na saruji kisha vikasuguliwa, utaiona katika ngazi za majengo mengi ya zamani katikati ya jiji, na katika shule na hospitali. Imekanyagwa na maelfu ya watu na bado ipo. Ikiwa nyumba yako inayo, mashine ya kusugua itaurudisha mng'aro wake. Kuifunika kwa vigae ni kulipa pesa ili upate kitu dhaifu kuliko ulichokuwa nacho.

UNYEVU NA UZITO

Kuna mambo mawili ambayo mafundi wengi hawayataji. La kwanza ni unyevu. Zege jipya hukauka kwa kasi ya takriban mwezi 1 kwa kila inchi 1 ya unene. Kipimo chake ni rahisi: chukua kipande cha nailoni chenye upana wa nusu mita, kigandishe kwa utepe pande zote nne, ukiache usiku na mchana. Ukikifunua ukakuta matone ya maji au doa jeusi, usiweke mbao wala mkeka wa mbao bado.

La pili ni uzito, nalo linawahusu wanaoishi ghorofani. Fundi akitaka kumwaga saruji mpya ya sentimita 5 juu ya ile ya zamani, kila mita mraba itaongezewa zaidi ya kilo 100. Chumba cha mita 4 kwa mita 5 kitabebeshwa zaidi ya tani 2, kabla hujaweka kigae hata kimoja. Usiruhusu jambo hilo bila mhandisi kukagua jengo. Unayemwekea mzigo huo juu ya kichwa ni jirani yako wa chini.

PIGA HESABU, ANDIKA MKATABA

Kabla ya kwenda River Road au Eneo la Viwandani kununua, jipimie mwenyewe. Chumba cha mita 4 kwa 5 kina mita mraba 20. Ongeza asilimia 10 kwa vigae vitakavyokatwa na kuvunjika, upate 22. Kigae cha sentimita 60 kwa 60 kina mita mraba 0.36, na boksi la vigae 4 hutosha mita mraba 1.44. Utahitaji maboksi 16. Hakikisha nambari ya toleo ni moja katika maboksi yote, la sivyo rangi zitatofautiana. Vigae vitakavyobaki vihifadhi, kwa sababu mwaka ujao huenda aina hiyo isipatikane.

Mkeka wa mbao wenye upana wa mita 2 pia una hesabu yake. Katika chumba hicho hicho, ukiutandika kwa urefu wa mita 5, vipande viwili vitatosha: mita mraba 20. Ukiutandika upande wa mita 4, utahitaji vipande vitatu: mita mraba 24. Chumba ni kilekile, lakini pesa si zilezile.

Kwa fundi, omba uone kazi aliyoimaliza zaidi ya mwaka mmoja uliopita, si ile ya jana. Mlipe kwa awamu, na ubakize sehemu mpaka ugonge sakafu yote kwa sarafu na kuridhika.

Na ikiwa baada ya uchunguzi wote utaona sakafu ya mbao haiwezi kuokolewa chumba kizima, usiichome. Kusanya vipande vilivyo vizima uvitumie katika chumba kidogo, au uwauzie wanaotafuta vya kuzibia mapengo. Vivyo hivyo, nyumba ya zamani ikibomolewa jirani nawe ili ghorofa ijengwe, pita uulize. Huenda ukapata muhugu kwa bei nafuu kuliko plastiki yenye picha yake.

Kwa hivyo, msomaji, chukua sarafu na kipande cha msasa kabla ya kuchukua nyundo. Saa moja ya kupiga magoti na kuchunguza haikugharimu kitu, lakini muhugu ukishavunjwa, hakuna duka litakalokurudishia.